Kwako inafunguka, kwa mtu haifunguki: tuongee kuhusu rantaimu

Kuna jibu moja huwa linaniudhi sana kwenye hii kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, nalo ni lile la "mbona kwangu inafunguka." Mtu kapakua programu yako, kabofya mara mbili, hamna kinachotokea, au kinatokea kiboksi kinachosema VCRUNTIME140.dll haipo, anakuandikia kwa adabu kabisa kuuliza afanyeje, halafu we unamjibu kwako inafunguka. Huyo mtu hajui VCRUNTIME ni nini na wala sio kazi yake kujua. Ni kazi ya aliyeitengeneza, na kwenye hili sitaki kuzunguka kabisa: programu ikikosa fremuweki au maktaba inayoitegemea (msimbo wa watu wengine inaouegemea, na ule wa kuiendeshea ndo tunaita rantaimu) kwenye mashine ya mtumiaji, mwenye kosa ni aliyeisambaza, sio aliyeipakua.

Sasa kwa nini hii ishu inatokea kila siku, tena kwa watu wazoefu? Kwasababu kompyuta ya divelopa ndo sehemu mbovu kuliko zote ya kujaribia. We umeinstoli Visual Studio, imekuja na SDK (vifaa vya kutengenezea programu) na rantaimu kibao, umeweka Qt (fremuweki ya kutengenezea madirisha) na folda yake ya bin ipo kwenye PATH (orodha ya folda ambazo Windows inatafutia), una Java tatu, una Python mbili, kila kitu ambacho programu yako inaweza ikakihitaji tayari kipo sehemu fulani na Windows inakiokota kimyakimya bila kukwambia imekitoa wapi. Unakusanya ile exe na vifaili viwili vitatu unaweka kwenye zip unatuma. Vile vilivyokuwa vinaokotwa pembeni umeviacha nyumbani.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya sana, kukosa fremuweki wakati wa kubildi (kugeuza msimbo kuwa programu) na kukosa fremuweki wakati wa kuendesha. Ya kwanza ni yako peke yako, mfano unafungua mradi wa zamani wa .NET Framework (fremuweki ya Microsoft ya Windows) kwenye mashine mpya unapata hitilafu MSB3644, inalalamika kwamba reference assemblies za toleo fulani hazipatikani. Wengi hapo wanakimbilia kuinstoli rantaimu, afu wanashangaa hitilafu iko palepale. Rantaimu ni ya kuendeshea, ya kubildia inaitwa targeting pack, ni kitu kingine, na Visual Studio 2022 iliacha kuja na zile za matoleo ya nyuma kama 4.5. Njia nyepesi ni kuongeza pakeji ya NuGet (hifadhi ya pakeji za .NET) inayoitwa Microsoft.NETFramework.ReferenceAssemblies kwenye mradi, inabildi hata kwenye seva ambayo haina Visual Studio kabisa. Au kama mradi unaruhusu, uupandishe uende 4.8, ambayo Windows 10 inakuja nayo tangu ile apdeti ya Mei 2019 na Windows 11 nayo inayo, kwahiyo mtumiaji wa Windows ya kisasa hatakiwi kuinstoli chochote. Watu wanaidharau 4.8 kwasababu ni ya zamani ila kwa programu ndogo ya ofisini, kufika kwa mtu na kukuta kila kitu kipo tayari ni faida kubwa sana.

Haya, sasa kukosa wakati wa kuendesha, na upande wa .NET hii mpya ndo penye mambo. Ukipublishi kawaida unapata kitu kinachoitwa framework-dependent, yaani msimbo wako tu, faili ni ndogo, ila mashine ya mtu lazima iwe na rantaimu ya .NET. Na hapo kuna mitego kama minne hivi ambayo nimeona watu wazuri wananasa. Wa kwanza, rantaimu sio moja. Kuna Microsoft.NETCore.App ambayo ni ya msingi, na kuna Microsoft.WindowsDesktop.App ambayo ndo ina WinForms na WPF (za kutengenezea madirisha), sasa mtu anamwelekeza mtumiaji "weka .NET 8," mtumiaji anaenda anapakua ile ya msingi, programu inakataa vilevile, kila mmoja anamwona mwenzake hasikii. Wa pili, toleo. Kama umebildi kwa .NET 6 na mashine ina .NET 8 peke yake, programu haitafunguka, kwasababu kwa kawaida inaruhusiwa kupanda matoleo madogo tu, sio kuruka toleo kubwa, labda uwe umeweka RollForward kuwa Major kwenye faili la mradi. Na .NET 6 iliisha muda wake wa kuhudumiwa Novemba 2024, kwahiyo kumwambia mtu aende akaiweke leo ni kumpa kitu ambacho hakizibwi tena matundu.

Wa tatu ni biti. Programu ya biti 32 inataka rantaimu ya biti 32, hata kama ile ya biti 64 imekaa hapohapo haiitambui. Wa nne ndo uliowasumbua wengi zaidi, kwenye SDK ya 6 na 7 ulikuwa ukitaja aina ya mashine, mfano win-x64, inakuchukulia moja kwa moja kwamba unataka kubeba rantaimu ndani, halafu SDK ya 8 ikabadilisha, sasa kutaja win-x64 peke yake hakubebi tena. Kwahiyo skripti ileile ya zamani uliyoizoea, baada ya kupandisha SDK na mradi wenyewe uende .NET 8 inatoa kifurushi chepesi kisicho na rantaimu, wala hailalamiki, we unafurahi faili limepungua. Andika wazi, dotnet publish -c Release -r win-x64 --self-contained true, usiachie bahati.

Na hiyo self-contained, yaani kubeba rantaimu ndani ya kifurushi, ndo chaguo langu kwa programu nyingi. Najua kelele zake, folda ya WinForms inapita megabaiti 100 kwa kitu ambacho msimbo wako wenyewe ni megabaiti mbili, na kwa WinForms na WPF huwezi kuipunguza kwa PublishTrimmed maana haijasapotiwa. Ila fikiria upande wa pili, mtumiaji asiye na haki za admini kwenye kompyuta ya kazini hawezi kuinstoli rantaimu hata akitaka, atasubiri mtu wa IT, na mtu wa IT ana mambo yake. Mtu aliye mbali na intaneti ya maana ndo hivyohivyo, unampa programu kwenye flashi afu unamwambia apakue kingine tena. Megabaiti mia kwa mara moja ni bei ndogo kuliko hiyo safari. Ukitumia PublishSingleFile kuweka vyote kwenye faili moja, kumbuka maktaba za asili, yaani zile ambazo sio za .NET, zinabaki nje pembeni ya exe mpaka uweke IncludeNativeLibrariesForSelfExtract kuwa true. Watu wanachukua exe peke yake wanatuma, vile vidubwasha pembeni wanaviona kama takataka za kubildi.

Twende kwenye C++. Ile VCRUNTIME140.dll na mwenzake MSVCP140.dll (DLL ni faili la maktaba la Windows) zinatoka kwenye Visual C++ Redistributable, kifurushi cha rantaimu ya C++ cha Microsoft, na habari njema ni kwamba tangu Visual Studio 2015 mpaka 2022 ni familia moja, ukiweka ya karibuni inahudumia zote za nyuma yake ndani ya familia. Kinyume chake sio kweli, rantaimu ya 2015 haitoshi kwa programu iliyobildiwa na vifaa vya 2022. Ndo maana utamkuta mtu anaapa kwamba redistributable anayo, na kweli anayo, ila inakosa VCRUNTIME140_1.dll ambayo ilikuja kipindi cha 2019 kwa biti 64. Na ukiona DLL inayolalamikiwa ina herufi d mwishoni, VCRUNTIME140D.dll, basi umesambaza bildi ya Debug, na hizo DLL za debug hazina ruhusa ya kusambazwa, usiende kuzitafuta, rudi ubildi Release.

Na nisisitize hapa kwa moyo wangu wote, tafadhali usimwelekeze mtumiaji kwenye zile tovuti za kupakua DLL moja moja. Hujui nani ameipakia pale, hujui ni toleo gani, na mara nyingi anapachika ya biti 32 kwenye System32 ilhali programu ni ya biti 64, matokeo yake anapata 0xc000007b ambayo inamchanganya zaidi. Kwa kumbukumbu, hiyo 0xc000007b mara nyingi ni biti 32 na 64 zimegongana, na 0xc0000135 ni kwamba faili linalohitajika halikupatikana kabisa. Halafu kuna hili la kutatanisha kwenye Windows ya biti 64, System32 ndo inakaa DLL za biti 64, na SysWOW64 ndo inakaa za biti 32, majina yanakupeleka kinyume.

Una njia tatu tu za maana. Weka vc_redist (instola ya hiyo Redistributable) ndani ya instola yako na iendeshwe kimya, au weka zile DLL pembeni ya exe yako kwasababu Windows inaanza kutafuta kwenye folda ya programu kabla ya sehemu nyingine nyingi, au bildi kwa /MT ili rantaimu iingie ndani ya exe yenyewe. Hiyo ya mwisho naipenda kwa vitu vidogo visivyo na DLL zake nyingine, ila ukiwa na DLL kadhaa kila moja ina rantaimu yake, afu moja inaomba memori nyingine inaiachia, utakuja kulia na hitilafu ambazo hata hazihusiani na usambazaji. Ukichagua instola, angalia namba inazorudisha, 3010 maana yake imefaulu ila inataka kompyuta iwashwe upya, 1638 maana yake tayari kuna toleo jipya zaidi. Zote mbili sio kushindwa. Kuna instola kibao zinakatisha kazi zikiona 1638, yaani mtu ananyimwa programu kwasababu kompyuta yake ipo vizuri kuliko ulivyotarajia!

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, huwezi kuweka ukaguzi wa DLL ndani ya programu yenyewe. Kama exe imeunganishwa na DLL ambayo haipo, Windows inaikatalia kabla hata mstari wako wa kwanza haujaanza, ule ujumbe wako mzuri ulioandika kwa lugha ya mtumiaji hautaonekana kamwe. Ukaguzi unakaa kwenye instola au kwenye kizinduzi kidogo kisichotegemea chochote. Kwa .NET Framework mfano, instola inasoma rejista pale HKLM\SOFTWARE\Microsoft\NET Framework Setup\NDP\v4\Full, inaangalia thamani ya Release, ikiwa 528040 au zaidi basi 4.8 ipo. Sio kusoma jina la toleo la Windows na kukisia.

Qt nayo ina ugonjwa wake. Unatumia kifaa cha kuorodhesha utegemezi, Dependencies kwa mfano, kile kilichokuja kuchukua nafasi ya Dependency Walker ya zamani, unaona Qt6Core, Qt6Gui, Qt6Widgets, unavikopi vyote, bado inakuja na ule ujumbe kwamba hakuna Qt platform plugin iliyoweza kuanzishwa. Manake plagini haijaunganishwa na exe, inapakiwa programu ikishaanza kukimbia, kwahiyo hakuna orodha itakayokuonyesha. Inatakiwa folda inayoitwa platforms pembeni ya exe, ndani yake qwindows.dll. Usiifanye kwa mkono, endesha windeployqt, na kama una QML (lugha ya Qt ya kupanga skrini) mpe --qmldir aone unatumia moduli zipi, la sivyo dirisha litafunguka likiwa tupu. Bado haijakubali? Weka QT_DEBUG_PLUGINS=1 kwenye mazingira uendeshe tena, itakwambia imetafuta wapi na imekwama na faili gani. Kwa Linux tangu Qt 6.5 kinachokosekana mara nyingi ni libxcb-cursor, na ujumbe wenyewe unaitaja kabisa, watu hawasomi tu.

Hii tabia ya vitu vinavyopakiwa baadaye iko kila mahali kwa kweli. PyInstaller, ya kufungasha programu za Python, inasoma import zako kwenye msimbo, moduli unayoiita kwa jina lililojengwa wakati programu inakimbia haiioni, unalazimika kuitaja kwa --hidden-import. Kwa Windows dawa yangu ya mwisho ni Process Monitor ya Sysinternals, unachuja jina la programu yako na matokeo ya NAME NOT FOUND, unaona moja baada ya nyingine faili linatafutwa folda hii halipo, folda ile halipo, mpaka utakapofika lile ambalo halikupatikana popote. Hapo hakuna kukisia tena.

Linux. Hapa kinachoumiza zaidi ni glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo karibu kila programu inaiegemea. Programu iliyobildiwa Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, ukiipeleka 20.04 yenye 2.31 kuna uwezekano mkubwa itakataa na kusema version GLIBC_2.34 not found au mfano wake. Kinyume chake inakubali, ya zamani inakimbia kwenye mpya. Kwahiyo bildi kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayotaka kuisapoti, kontena inatosha, na wala usijaribu kubeba glibc mwenyewe pembeni, hiyo njia ina maumivu. Maktaba zako nyingine zibebe, weka rpath ya $ORIGIN ili zitafutwe pale programu ilipo, angalia na ldd, amri ya kuorodhesha maktaba zinazohitajika, kama kuna "not found." AppImage ni nzuri kwa kumpa mtu faili moja, ila nazo AppImage nyingi za kawaida zinahitaji libfuse2 ambayo Ubuntu tangu 22.04 haiji nayo, yaani kifaa cha kukuondolea utegemezi nacho kina utegemezi wake. Flatpak inashughulikia hili kwa uzuri zaidi maana unataja rantaimu na toleo lake na inaletwa yenyewe mtu akiinstoli, naiona ndo njia iliyokomaa kwa programu ya dirisha, japo mara ya kwanza inapakua mzigo.

Kwa macOS sitakaa sana. otool -L inakuonyesha programu inatafuta nini na wapi, ukiona njia inayoanzia /opt/homebrew au folda ya jina lako, jua haitafunguka kwa mtu mwingine. Maktaba zinakaa Contents/Frameworks, njia zinabadilishwa kwa install_name_tool ziwe @rpath, na muhimu, ukishagusa faili saini yake inavunjika, kwahiyo saini mwishoni kabisa baada ya mabadiliko yote, afu ndo upeleke ikathibitishwe na Apple. Wanaosaini kwanza na kurekebisha njia baadaye wanapata programu inayokufa papohapo kwenye mashine za Apple Silicon.

Java nako usimwambie mtu apakue JRE, yaani rantaimu ya Java. Tangu JDK (vifaa vya kutengenezea Java) 11 ya 2018 Oracle hawatoi tena JRE peke yake kama zamani, na JavaFX, maktaba ya madirisha, nayo ilitolewa nje ya JDK kwenye toleo hilohilo, ndo chanzo cha ule ujumbe wa JavaFX runtime components are missing. jpackage, iliyokamilika rasmi JDK 16 mwaka 2021, inakutengenezea instola yenye rantaimu yake ndani, na ukiipunguza na jlink inabaki na moduli unazotumia tu. Itumie.

Sasa nimesema beba rantaimu, beba rantaimu, lazima niseme na gharama yake ambayo sio megabaiti. Ukiibeba, matundu yake ni yako. Septemba 2023 lilipogundulika tundu la libwebp (maktaba ya picha za WebP), CVE-2023-4863, kila programu iliyojengwa kwa Electron (fremuweki ya kutengeneza programu kwa teknolojia za wavuti) ilikuwa imebeba Chromium, yaani brauza, yake ndani, kwahiyo mtu kuapdeti brauza yake hakukusaidia chochote kwenye hizo programu, kila mwenye programu alitakiwa atoe toleo jipya. Wapo walioharakisha na wapo waliochelewa. Kama huna mpango wa kutoa matoleo mapya, yaani unaitengeneza unaikabidhi unaondoka, basi tegemea rantaimu ya mfumo inayoapdetiwa na Windows Update au na distro, hata kama kuinstoli kutakuwa na usumbufu mara ya kwanza. Kwenye WebView2 (kipande cha brauza cha Microsoft cha kuweka ndani ya programu) chaguo hili liko wazi kabisa: Evergreen inajiapdeti yenyewe na Windows 11 inayo tayari, Fixed Version unaibeba na kuitunza mwenyewe. Mimi pale nachagua Evergreen bila kufikiria, kwasababu kitu kinachofungua kurasa za mtandao hakitakiwi kukaa bila apdeti.

Kujaribu, jaribu kwenye mashine ambayo haijawahi kuona vifaa vyako. Windows Sandbox ipo kwenye Windows Pro na Enterprise tangu toleo la 1903, unaiwasha kwenye vipengele vya Windows, inafunguka ikiwa mpya kabisa na ukiifunga kila kitu kinafutika, hamna kisingizio. Unaweza kuzima mtandao wake kwenye faili la .wsb, fanya hivyo, uone instola yako inajisikiaje bila intaneti. Ila Sandbox inakupa admini, kwahiyo tengeneza pia mashine pepe yenye akaunti ya kawaida, na folda ya mtumiaji iwe na nafasi katikati ya jina na herufi zenye alama juu, hapo utaona njia ngapi ulizoziandika kwa kudhani kila jina ni neno moja.

Na akija mtu akasema haifunguki, usimwombe akuelezee. Mwombe picha ya kiboksi chenyewe, na kama hakuna kiboksi, Event Viewer upande wa Application, hitilafu zenye chanzo cha .NET Runtime au Application Error zinataja jina la faili lililoangusha. Kwa .NET mtumie faili dogo la .bat linaloweka COREHOST_TRACE=1 na COREHOST_TRACEFILE yenye jina la faili la kuandikia, halafu linafungua programu yako. Yeye anabofya mara moja tu na kukutumia hilo faili, na ndani yake utakuta kila folda iliyotafutwa, rantaimu zilizoonekana na sababu kila moja imekataliwa.